Mbele Nzima: Shokapu na Breki za Pikipiki Inayoshuka Nyasa

Kati ya mji wa Mbinga na maji ya Ziwa Nyasa kuna mteremko ambao mtu akiutazama kwenye ramani anaweza kuudharau. Barabara ya lami ya kwenda Mbamba Bay ina kilomita 66 hivi, safari ambayo pikipiki nzima huimaliza asubuhi na kubaki na siku ya kufanyia kazi. Lakini mji wa Mbinga uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na uso wa ziwa uko chini ya mita 500. Pikipiki iliyotoka sokoni Mbinga ikafika ufukweni imeshuka zaidi ya mita 800, na hapo hujahesabu vilima inavyopanda na kushuka njiani. Wamatengo walibuni ngoro, yale mashimo ya kilimo yanayozuia udongo usiserereke na mvua, kwa sababu ya mwinuko wa milima hii hii, na njia zinazopita kandokando ya mashamba hayo kwenda Litembo, Langiro au Maguu zina mwinuko huo huo bila lami. Miaka ya kushughulika na pikipiki za ukanda huu imenifikisha kwenye msimamo ambao mafundi wengi hawaukubali, nami nauandika ili upimwe. Pikipiki ya kazi ya huku inastahili shokapu na breki za mbele zilizo bora kuliko zile ilizokuja nazo kutoka kiwandani. Na kama ubora huo utatafutwa kwenye spea za pikipiki nyingine, basi sehemu ya mbele ihamishwe nzima, kuanzia koni seti ya shingoni, yaani gololi na bakuli zake, hadi mkono wa breki, kutoka pikipiki moja. Kama haiwezekani hivyo, isiguswe.

Nianze na joto, maana breki ina kazi moja tu, kuugeuza mwendo uwe joto. Chukua pikipiki ya kilo 115 au 120, mwendeshaji, abiria mmoja na mzigo wa maharage. Jumla inakaribia kilo 280. Uzito huo ukishuka mita 800, nishati inayopaswa kumezwa njiani ni jouli milioni 2.2 hivi, ambayo inatosha kuchemsha lita saba za maji. Upepo huchukua sehemu, na injini huchukua sehemu nyingine ikiwa mwendeshaji anashuka kwa gia ya pili au ya tatu. Ila desturi ya kushuka kwa nyutro ili kuokoa petroli imeenea sana, na anayeshuka hivyo ameiachia breki karibu mzigo wote. Breki ya dramu huufungia moto huo ndani. Dramu ikipata moto hutanuka na kujitenga na breki shuu zinazoisukuma kutoka ndani, mkono wa breki unaanza kuingia hadi karibu na usukani, na utando wa breki shuu ukishaungua unang'aa na haushiki tena. Diski iko nje, kwenye upepo. Ikipata moto hutanuka kuelekea kwenye padi badala ya kuzikimbia, na mvua ikiilowesha, padi huufuta uso wake baada ya mizunguko michache tu. Kwa mahali penye masika ya kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili, na maji yanayokatiza njia kila bonde, hilo la mwisho lina uzito mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Dramu iliyoingia maji haina namna ya kuyatoa haraka.

Hoja inayonikabili kwanza kila mahali ni kwamba breki ya mbele huua. Waendeshaji wengi wamefundishana hivyo kijiweni, kwamba ukishika ya mbele kwenye mteremko utapinduliwa juu ya usukani, na kwa hiyo wapo wanaoiacha ilegee makusudi, waya umening'inia, wakategemea mguu wa kulia pekee. Siidharau hofu hiyo. Anayeshika breki ya mbele kwa ghafla juu ya kokoto, huku usukani umekunjwa, ataanguka, na hakuna spea ya kumwokoa. Lakini tutazame umbali. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa kwenye lami kavu na tambarare, pikipiki inayopunguza mwendo kwa mita 3 kwa sekunde kila sekunde, kiwango ambacho breki ya nyuma peke yake hukifikia kwa kawaida, itasimama baada ya mita 46. Mwenye kutumia breki zote mbili vizuri anaweza kufikia mita 6 kwa sekunde, na atasimama baada ya mita 23. Sasa ishushe barabara kwa asilimia kumi, mteremko wa kawaida kabisa kwenye milima ya Umatengo. Uzito wenyewe wa pikipiki unapora takriban mita 1 kutoka kwenye kila kiwango. Yule wa breki mbili anahitaji mita 28, mita tano zaidi ya alizohitaji kwenye tambarare. Yule wa mguu wa kulia anahitaji mita 69. Mteremko hauwaongezei wote umbali sawa. Humwadhibu zaidi aliye na breki dhaifu. Mtoto aliyetoka shambani akavuka barabara mita 40 mbele yako hajui wewe ni yupi kati ya hao wawili.

Sababu ya tofauti hiyo ni kuhama kwa uzito. Pikipiki inapopunguza mwendo kwa nguvu hiyo ya mita 6, karibu theluthi ya uzito wote huondoka kwenye gurudumu la nyuma na kulemea la mbele. Abiria na mzigo vikiwa nyuma, mwendeshaji hudhani kwamba nyuma ndiko kwenye mshiko, na anapokwenda mwendo mmoja amesema kweli. Ila mara tu anapoanza kufunga breki, tairi la nyuma linapungukiwa na uzito na linaanza kuserereka, wakati la mbele linazidi kukandamizwa barabarani na lina uwezo ambao hautumiki. Kuiogopa breki ya mbele ni kuiacha pembeni breki iliyo na kazi kubwa zaidi. Kinachotakiwa ni breki ya mbele inayokubali kushikwa kidogo kidogo, kwa vidole viwili, na kuongezwa kadiri mkono unavyotaka. Dramu ya waya uliochakaa huwa haina lugha hiyo. Haifanyi kitu, haifanyi kitu, kisha inanasa.

Haki inataka nieleze kwa nini pikipiki zetu zimekuja hivi. Nyingi ya pikipiki za Kichina tulizozizoea ni wajukuu wa Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976, pikipiki iliyobuniwa kwa ajili ya nchi ambazo mafuta ya injini hubadilishwa kwa kuchelewa na barabara hazitabiriki. Ilikuwa kazi nzuri sana, na bado ni. Boxer na TVS HLX kutoka India zimefuata busara hiyo hiyo ya bei ndogo, spea nyingi, na vitu ambavyo fundi wa kijijini anaweza kuvifungua kwa spana mbili. Dramu ya mbele na shokapu nyembamba ni sehemu ya bei hiyo, na kiwanda hakikumhadaa mtu. Ila ifahamike kwamba nchini India kwenyewe, tangu Aprili 2019, pikipiki mpya za zaidi ya cc 125 hulazimika kuwa na mfumo wa kuzuia gurudumu lisigande, na zile za cc 125 kushuka chini hulazimika angalau kuunganisha breki ya mbele na ya nyuma. Waliozitengeneza wanajua breki hufanya nini. Tofauti iko kwenye nini sheria ya mnunuzi inadai, na huku kwetu, mlima umedai kabla ya sheria.

Sasa nije kwenye shokapu, ambako naona makosa mengi zaidi yakifanyika kuliko kwenye breki zenyewe. Mtu akipata pesa kidogo huanza na diski, kwa kuwa inaonekana, na akiwa kijiweni kila mtu ataiona. Shokapu huachwa kama zilivyo. Lakini breki yenye nguvu hutuma nguvu yake yote kupitia kwenye yale mabomba mawili membamba kabla haijafika kwenye fremu. Pikipiki ndogo za ukoo wa CG125 zina bomba la shokapu la milimita 27 hivi. Ukipata pikipiki yenye bomba la milimita 31 na unene wa ukuta ule ule, ugumu wake wa kutokupinda ni karibu mara moja na nusu, kwa sababu ugumu hukua kwa kipenyo kilichopandishwa kwenye kipeo cha tatu. Milimita nne hazionekani kwa macho ya mpita njia, lakini ndizo zinazoamua kama usukani utatetemeka unapofunga breki kwenye kona ya kushuka, ama utanyooka. Bomba likipinda hata kidogo wakati wa kufunga breki, sehemu ya ndani inagandamana na ya nje na shokapu inaacha kufanya kazi wakati ule ule unapoihitaji. Gurudumu linaruka juu ya mawe badala ya kuyafuata, na gurudumu lililo hewani haliwezi kusimamisha chochote.

Kuna pia suala la springi na mafuta. Springi zilizochoka huzama zote pikipiki inapofunga breki, shokapu inagonga chini, na kuanzia hapo tairi ndilo linalobaki kuwa springi. Mafuta ya ndani nayo hubadilishwa mara chache mno. Nimezoea kuona yakimwagwa yakiwa meusi na mazito kwa vumbi la chuma, na mahali pake pakatiwa mafuta ya injini yaliyobaki kwenye kopo. Mafuta ya injini ya mnato wa 20W-50 ni mazito mno kwa kazi hii kwenye baridi ya asubuhi ya mlimani. Mafuta ya gia za otomatiki, ambayo Honda yenyewe iliyaagiza kwa shokapu za baadhi ya pikipiki zake za zamani, yanapatikana kwenye maduka ya spea za magari na yanafaa zaidi. Ninalisema hili mapema kwa sababu asilimia kubwa ya watu wanaotafuta kubadilisha sehemu ya mbele wangepata nusu ya wanachokitaka kwa kubadilisha sili, mafuta na springi za zile walizonazo, pamoja na breki shuu mpya, waya mpya na tairi la mbele ambalo halijachakaa. Kama bajeti inaishia hapo, iishie hapo kwa heshima. Pikipiki yenye dramu iliyotunzwa na shokapu zilizo hai ni salama kuliko ile yenye diski iliyobandikwa.

Na kubandika ndiko ninakokupinga kwa nguvu zote. Mtindo ulioenea ni kuchukua gurudumu lenye diski, kulilazimisha kwenye shokapu za zamani zilizotengenezwa kwa ajili ya dramu, kisha kuchomelea kipande cha bati nene kwenye mguu wa shokapu ili kishike kaliperi, kile kifaa kinachozibana padi kwenye diski. Mtu akikiona kipande hicho kimetulia pikipiki ikiwa imesimama, anaamini kimeshika. Tuihesabu nguvu. Kitovu cha gurudumu la inchi 17 kiko karibu milimita 290 kutoka barabarani, wakati padi zinashika diski karibu milimita 100 kutoka kitovuni. Kwa hiyo kaliperi huvutwa kwa nguvu inayokaribia mara tatu ya ile inayopatikana kati ya tairi na barabara, na huvutwa hivyo kila unapogusa breki, mamia ya mara kwa siku. Mguu wa shokapu ni alumini ya kumimina kwenye kalibu. Ukichomelewa kwa mashine ya kawaida ya vijiji vyetu, ambayo imekusudiwa chuma, unabaki na ufa ambao macho hayauoni hadi siku utakapofunguka. Kaliperi ikichomoka gurudumu likizunguka, huingia kwenye spoku. Sihitaji kueleza kinachofuata.

Uhamisho wa mbele nzima unaondoa hatari hiyo kwa sababu kila kitu kilikwisha kukubaliana kiwandani. Mguu wa shokapu una masikio yake ya kaliperi. Ekseli ina kipenyo cha matundu yake. Habu ina upana wa nafasi iliyopo kati ya shokapu mbili, gurudumu liko katikati, na diski inapita katikati ya padi. Masta silinda ya kwenye usukani ina pistoni iliyopimwa kulingana na pistoni za kaliperi, jambo ambalo wengi hulidharau. Ukiweka masta silinda yenye pistoni kubwa mno, mkono wa breki unakuwa mgumu na nguvu inapungua. Ukiweka ndogo mno, mkono unaingia hadi mwisho kabla breki haijashika. Watu hununua masta silinda kwa kuangalia kama inaingia kwenye usukani, wakati swali ni kama inaijua kaliperi yake. Hata kifaa cha kuendesha spidomita, kile kinachokaa habuni, kinahamia pamoja na nyaya zake. Kinachobaki cha kuoanishwa ni mahali pamoja tu, pale ambapo mhimili wa vishikio vya shokapu unapita kwenye shingo ya fremu, na hapo ndipo akili ya fundi na pesa ya mwenye chombo zinapaswa kuelekezwa.

Pale shingoni mambo ni mawili. La kwanza ni koni seti. Kipenyo na kimo cha mhimili hutofautiana kati ya pikipiki na pikipiki, na mara nyingine bakuli za gololi za fremu yako hupokea mhimili wa mgeni, mara nyingine hazipokei. Zisipopokea, dawa ni kutafuta koni seti ya ukubwa wa kati au kupeleka mhimili kwa fundi wa mashine ya kuchongea vyuma, na kwa huku hilo kwa kawaida lina maana ya safari ya Songea. Dawa isiwe kujaza kwa vipande vya bati, wala kukaza nati kwa nguvu ili kuficha mchezo. Usukani uliokazwa hadi ukawa mgumu kugeuka ni hatari sawa na ule unaocheza. La pili ni urefu. Shokapu za pikipiki za porini, kama zile za Honda na Yamaha zilizokuwa za maofisa ugani, ni ndefu na huvutia macho. Lakini kila milimita 10 unazoinua mbele huilaza shingo nyuma kwa karibu nusu digrii. Ukiinua milimita 30 umelaza zaidi ya digrii moja, usukani unakuwa mzito kwenye kona kali, na pikipiki inakuwa na tabia ya kwenda nje ya kona, kitu ambacho kwenye barabara ya mlimani ni kwenda bondeni. Shokapu ndefu zinaweza kuteremshwa kwenye vishikio vyake, lakini kwa kipimo ambacho bado kinaacha nafasi ya gurudumu kupanda bila kugonga kishikio cha chini. Mimi napendekeza pikipiki ya kutolea spea iwe ya barabarani, ya cc 150 au 180, yenye gurudumu la inchi 17 kama lako na urefu unaokaribiana na wa kwako. Haitavutia macho. Itakunja kona.

Hoja nzito kuliko zote, na inayonisumbua mimi mwenyewe, ni ya asili ya spea hizo. Spea kuukuu zinatoka wapi? Nyingine zinatoka kwenye pikipiki zilizopata ajali, na nyingine, lazima lisemwe, zinatoka kwenye pikipiki zilizoibwa na kuchinjwa usiku. Kwa aina ya pili jibu langu ni moja: hakuna shokapu yenye thamani ya jasho la mwendeshaji mwingine ambaye labda bado anadaiwa mkataba wa pikipiki aliyoporwa. Muuzaji aonyeshe kadi ya pikipiki iliyotolewa spea, au nakala yake, na maandishi ya mauziano yenye namba ya chesisi. Hilo linapunguza wauzaji kwa kiasi kikubwa, na linapandisha bei, na bado naona ndiyo njia pekee. Kwa aina ya kwanza, historia ya ajali ni kila kitu. Pikipiki iliyogonga kwa mbele haifai kutoa sehemu ya mbele, hata ikiwa imenyooshwa vizuri kiasi gani, kwa kuwa bomba lililopinda likanyooshwa limekwisha kupoteza nguvu pale lilipopindia, na mahali hapo huwa ni chini kidogo ya kishikio cha chini, penye kubeba zaidi. Ile iliyogongwa kwa nyuma, au iliyokufa injini, ndiyo ya kutafutwa. Bomba lifunguliwe na kuviringishwa juu ya kioo; likiwa limepinda litaonekana likinyanyuka. Kromu yake isiwe na vishimo vya kutu mahali sili inapopita. Diski ipimwe unene, na upimwe ukilinganishwa na unene wa chini kabisa ambao watengenezaji huuchapa kwenye diski yenyewe. Wengi huuona mwandiko huo kila siku bila kuusoma.

Wapo wanaoniambia kwamba dramu inatengenezeka Liuli na diski haitengenezeki. Hapa nakubali zaidi ya ninavyopinga. Ukiwa ukanda wa ziwa, kuanzia Lituhi karibu na mdomo wa Ruhuhu, ukishuka kupita Liuli hadi Mbamba Bay na kuendelea Chiwanda, njia nyingi za vijijini ni za mchanga na tambarare, mwendo ni mdogo, na pikipiki inayobeba dagaa kutoka mwaloni hadi kwenye kituo cha gari haihitaji zaidi ya dramu iliyo hai. Kwa mwenye kazi hiyo, kubadilisha mbele ni kupoteza pesa. Maoni yangu yanahusu pikipiki zinazopanda na kushuka: zinazoleta dagaa mlimani na kurudi na ndizi, zinazotoa kahawa vijijini msimu wa mavuno, zinazobeba wagonjwa kwenda hospitali ya Litembo. Kwa hizo, ugumu wa kutengeneza diski ni wa kweli lakini ni mdogo kuliko unavyosimuliwa. Padi hubadilishwa kwa dakika chache kuliko breki shuu, na seti moja ya akiba inaingia mfukoni. Kinachohitaji nidhamu ni mafuta ya breki, maana mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewani. Yale ya DOT 4 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 230 au zaidi. Yakishanyonya maji, kiwango chao kinaruhusiwa kushuka hadi 155, na joto la namna hiyo mteremko mrefu unaweza kulifikia. Mafuta yakichemka, mvuke hujaa kwenye mpira wa breki na mkono unaingia bila kushika kitu. Chupa ndogo mpya, ifunguliwe mbele yako, kila mwaka kabla ya masika: hiyo ndiyo gharama ya diski, na ni ndogo.

Kisha kuna wanaosema kwamba lami imekuja, mambo haya yalikuwa ya zamani. Barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay, iliyojengwa kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika katika mradi mmoja na barabara ya Tabora, Koga hadi Mpanda, imeondoa matope na mawe yaliyokuwa yakiwapunguzia watu mwendo wapende wasipende. Nami nashukuru kama anavyoshukuru kila mtu aliyewahi kuona gari la wagonjwa limekwama. Lakini matope yalikuwa pia breki. Pikipiki iliyokuwa ikishuka kwa kilomita 20 kwa saa sasa inashuka kwa 60 na 70, kwenye kona zile zile, ikiwa na dramu ile ile, na nishati ya mwendo huongezeka kwa mraba: mara tatu ya mwendo ni mara tisa ya kazi ya breki. Lami imeifanya sehemu ya mbele ya pikipiki kuwa jambo la haraka zaidi.

Lililobaki ni la nani anayelipa, na hapa ndipo mapendekezo mengi mazuri ya kiufundi hufia. Vijana wengi wanaendesha pikipiki ya tajiri kwa hesabu ya kila siku, au wako kwenye mkataba wa mwaka na zaidi kabla chombo hakijawa chao. Mwenye hesabu hana sababu ya kutia pesa yake kwenye chombo kisicho chake, na tajiri haoni sababu ya kutia pesa kwenye chombo ambacho kwake kinaleta fedha ile ile kikiwa na diski au dramu. Ninachokiomba kwa matajiri ni wahesabu kipindi kizima badala ya siku moja. Pikipiki iliyoanguka kwenye mteremko hukaa karakana, hesabu inasimama, rimu na taa na usukani vinanunuliwa, na mwendeshaji mzoefu anaweza kuwa amelala hospitali ya Litembo au Peramiho kwa muda ambao hakuna wa kuziba nafasi yake. Tajiri mwenye pikipiki kadhaa zinazofanya njia ya mlimani anaweza kununua pikipiki moja ya kutolea spea yenye injini mbovu na kadi halali, akaivalisha sehemu hiyo ya mbele ile inayobeba mizigo mizito zaidi, na mabaki akayauza. Kwa aliye kwenye mkataba, iandikwe kwenye mkataba wenyewe kwamba matengenezo ya breki na shokapu yanakatwa kwenye deni.

Fundi atakayeifanya kazi hii ana wajibu mmoja wa kisheria ambao husahaulika. Kwenye pikipiki nyingi ndogo namba ya chesisi imegongwa pale pale shingoni, sentimita chache kutoka kwenye bakuli za gololi anazozigonga kuzitoa. Jiwe la kusagia na mashine ya kuchomelea visikaribie hapo. Namba iliyofutika kwa bahati mbaya haina tofauti na iliyofutwa makusudi, na mwenye chombo atajieleza kwa askari wa usalama barabarani kwa kitu ambacho hakukifanya. Kazi ikishakamilika, ijaribiwe bila abiria kwanza, kwenye tambarare, mguu wa kulia ukiwa tayari kwa breki ya nyuma. Nati za vishikio, ekseli na kaliperi zikaguliwe tena baada ya siku ya kwanza ya kazi, maana padi mpya na koni seti mpya hukaa mahali pake taratibu na vyote vilivyokazwa hulegea kidogo. Kisha ijaribiwe na mzigo, kwenye mteremko mfupi, kwa gia ya pili. Sehemu ya mbele ya zamani isiuzwe kwa haraka. Ifungwe pamoja kama ilivyotoka, dramu, waya, gurudumu na vishikio vyake, ikae ghalani msimu mmoja wa mvua, hadi ile mpya iwe imepita masika bila kuvuja, bila kutetemeka na bila kucheza shingoni. Baada ya hapo kuna pikipiki ya mwaloni Mbamba Bay au Lituhi ambayo dramu hiyo itaitosha kabisa.